Joto, Kipimo Chake, na Swali Lililoulizwa Mkwawa

Msafiri atokaye Iringa kwa njia kuu ya kwenda Mbeya hupita Mafinga na Makambako akiwa amejikunyata ndani ya koti, maana nchi ile ni ya juu na upepo wake ni mkali, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Kutoka Makambako barabara huteremka kidogo kidogo hata kufika Igawa, kwenye Mto Mbarali, mahali ambapo nyanda za juu hukoma na uwanda wa Usangu huanza. Hapo koti huvuliwa. Lakini katika kituo hicho hicho, saa hiyo hiyo, yuko mwenyeji wa bondeni aliyezoea jua la mashamba ya mpunga, naye amejitanda shuka na kusema kwamba asubuhi ya leo ni ya baridi. Watu wawili wamesimama katika hewa moja. Mmoja asema joto, wa pili asema baridi, na wala hapana mwongo kati yao.

Jambo hili si geni kwa wenye fikra. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilitaja katika kitabu chake cha 1690, kwa mfano ambao mtu yeyote aweza kuujaribu nyumbani. Tia mkono mmoja katika maji ya moto na wa pili katika maji ya baridi, ngoja kidogo, kisha uitumbukize yote miwili katika beseni moja la maji ya vuguvugu. Mkono mmoja utaleta habari kwamba maji ni baridi, wa pili kwamba ni moto, na yote miwili ni mikono ya mtu mmoja. Mkulima wa Makambako ashikaye jembe alfajiri huona vivyo hivyo: chuma chamuuma kwa baridi, mpini haumuumi, ilhali jembe lile limelala usiku kucha katika hewa moja, na kipimo kikiwekwa juu ya chuma na juu ya mti kitaonyesha nyuzi zile zile. Chuma hunyang'anya joto la kiganja upesi, mti hulichukua polepole. Ngozi basi haipimi kitu kilichoguswa. Yapima mwendo wa joto linaloingia au kutoka mwilini.

Lugha yetu haina umaskini wa maneno katika jambo hili. Tunalo joto, tunayo hari na harara, tunalo fukuto la hewa nzito kabla ya mvua, tunao uvuguvugu wa maji yaliyoanza kupoa, na upande wa pili tuna baridi na kipupwe. Twasema maji ya moto, kana kwamba maji yameazima sehemu ya moto wenyewe. Neno joto ni ndugu wa kitenzi kuota, kama mtu aotavyo moto; tangu asili yake, basi, lahusu mwili wa mtu aliyekaa karibu na kitu kimpacho raha au adha. Haya yote ni maneno ya watu wanaohisi. Mtu wa sayansi anapokuja na kutaka maneno mawili, moja la kiasi cha joto kilichotoka kitu hiki kwenda kile, na la pili la daraja ya ukali wake, hutukuta na neno moja likifanya kazi zote mbili. Twasema "joto la leo ni nyuzi 30", na twasema pia "jiko hili latoa joto jingi", wala hatuoni kwamba tumetaja vitu viwili.

Ndiyo sababu watunga istilahi walilazimika kufanya kazi. Kwa daraja ya ukali walitumia jotoridi, neno lililounganishwa kwa joto na baridi. Baadaye likaenea halijoto, yaani hali ya joto, ambalo ndilo lisikiwalo leo katika taarifa za hewa. Mimi nalipenda halijoto, kwa kuwa lasema ukweli: hii ni hali ambayo kitu kimo, si mali ambayo kitu kimeiweka akiba. Lakini tusidhani kwamba mkanganyo huu ni wa Waswahili peke yao. Wazungu walikuwa na maneno mawili tangu zamani, na bado wataalamu wao walikaa karne nzima na zaidi wakiyachanganya.

Walianza na kipimo kabla hawajajua wanachokipima. Daniel Gabriel Fahrenheit alitangaza nyuzi zake mwaka 1724, akitumia zebaki ndani ya mrija wa kioo. Anders Celsius, Mswedi, alitoa zake mwaka 1742, na msomaji atacheka akisikia kwamba yeye aliweka 0 pale maji yachemkapo na 100 pale yagandapo. Wengine ndio waliokuja kuigeuza ngazi ile iwe kama tuijuavyo leo. Jambo hili ladhihirisha kwamba nyuzi zenyewe ni mapatano tu. Na hata mapatano hayo yana masharti ya mahali. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani. Mbeya mjini, penye kimo cha mita 1,700 hivi, huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, maana hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi sana. Mpishi wa maharage wa nyanda za juu hakuhitaji kitabu kumwambia hivyo, kwa kuwa kuni zake huisha mapema.

Aliyetenganisha mambo haya mawili kwa uwazi ni Joseph Black, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow kuanzia miaka ya 1750. Alitazama barafu ikiyeyuka. Chombo kimo ndani ya chumba chenye joto, joto laingia ndani yake saa baada ya saa, na kipimajoto hakisogei. Chakaa kwenye 0 mpaka kipande cha mwisho cha barafu kitoweke. Ikiwa joto na kipimo chake ni kitu kimoja, joto lote lililoingia limekwenda wapi? Black alisema limejificha katika kule kuyeyuka kwenyewe. Kwa hesabu za leo, joto litoshalo kuyeyusha gramu moja ya barafu bila kuipandisha hata uzi mmoja lingeweza kuyapandisha maji ya uzito huo huo kwa nyuzi 80. Aliona pia kwamba vitu vya uzito mmoja havitaki kiasi kimoja cha joto ili vipande daraja moja.

Wafua chuma wa Ukinga, waliokuwa wakiyapeleka majembe yao kwa majirani tangu kabla ya ukoloni, walikuwa na jambo hili mbele ya macho yao kila siku. Chukua chuma cha kilo moja kilichotoka katika moto kwenye nyuzi 500, ukitumbukize katika maji ya kilo 5 yaliyo kwenye nyuzi 20. Kelele ni kubwa na mvuke unaruka, na mtazamaji atadhani maji yale yatachemka yote. Tukiuacha mvuke katika hesabu yetu, chuma na maji vitakutana kwenye nyuzi 30 tu. Chuma kimeshuka nyuzi 470, maji yamepanda 10. Joto lililotoka ni sawa na joto lililoingia. Halijoto ndizo zilizotofautiana mno. Cheche moja ya moto ina halijoto kali kuliko karai zima la maji ya kuoga, lakini cheche ikikuangukia mkononi utaipangusa na kuendelea na kazi yako.

Swali la joto lenyewe ni nini lilichukua muda zaidi. Wengi, Black akiwa na mwelekeo huo, walilifikiria kama kimiminika kisichoonekana kipitacho katikati ya vitu. Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo cha Count Rumford, alikuwa akisimamia utobolewaji wa mizinga mjini München, akaona kwamba chuma butu kikisugua chuma hutoa joto pasipo kikomo, hata maji yaliyouzunguka mzinga yakachemka baada ya saa mbili na nusu. Alitangaza habari hizo mwaka 1798. Kitu kisichokwisha hakiwezi kuwa kimiminika kilichohifadhiwa ndani. Madereva wa malori washukao Mlima Kitonga waujua ushahidi huu kwa pua: breki hunuka, na mwendo wa tani nyingi hugeuka kuwa joto la magurudumu. James Prescott Joule alikuja kulipima badiliko hilo katika miaka ya 1840, na tangu hapo joto limehesabiwa kuwa nishati iliyo safarini, na halijoto kuwa dalili ya jinsi chembe za kitu zinavyotikisika ndani yake.

Neno hili "safarini" ndilo kiini cha habari. Joto husafiri kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye ndogo, na husimama pale pande mbili zinapolingana. Baridi haiingii chumbani, ijapokuwa kila mama humwambia mtoto afunge mlango baridi isiingie. Joto ndilo litokalo. Zikilingana, twasema vitu vimefikia msawazo wa joto. Na kuna kanuni ambayo yaonekana kama mchezo wa watoto: ikiwa kitu cha kwanza kimesawazika na cha tatu, na cha pili kimesawazika na cha tatu, basi cha kwanza na cha pili vimesawazika wao kwa wao. Bila hiyo kipimajoto hakina maana, kwa kuwa kipimajoto ndicho kile kitu cha tatu. Kwa jinsi ilivyodhaniwa kuwa dhahiri, hakuna aliyekumbuka kuipa nafasi mpaka miaka ya 1930, kanuni nyingine zilipokuwa zimekwisha kupewa namba ya kwanza na ya pili. Ikabidi iitwe kanuni ya sifuri.

Kabla ya hapo, mwaka 1701, Isaac Newton alikuwa ametoa kanuni ya kupoa: kitu hupoa upesi kwa kadiri halijoto yake inavyoizidi ile ya mahali kilipo. Kwa kanuni hiyo, maji ya moto huanza kupoa kwa haraka, lakini hayana budi kupita kwanza kila daraja ambayo maji ya baridi yameanzia. Hayawezi basi kuwatangulia wenzake. Hivyo ndivyo ilivyofundishwa Uingereza, na hivyo ndivyo ilivyofundishwa Tanganyika.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu, ambalo nafasi yake haikuwatosha wote. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa angali akichemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akichanganya sukari na maziwa mabichi na kukimbilia jokofuni. Akaogopa kukosa nafasi, akatia yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu aliporudi, yake yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezi kutokea. Akaliamini jibu kwa wakati ule, mpaka alipokutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, ambaye alimweleza kwamba yeye huyatia maziwa jokofuni yakiwa ya moto ili yagande upesi. Wauzaji, basi, walikuwa wakilijua jambo hilo kama sehemu ya biashara yao, huku shule ikilikana.

Mpemba alifaulu, akapelekwa Shule ya Mkwawa, Iringa, katika majengo ambayo kabla ya uhuru yalikuwa ya shule ya watoto wa Kizungu. Somo la joto lilikuwa miongoni mwa ya kwanza, na kanuni ya Newton ikaja ubaoni. Akauliza tena. Mwalimu wake mpya naye alimjibu kwamba amechanganyikiwa, na aliposhikilia neno lake akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalishika neno hilo. Tangu siku ile, kijana akikosea hesabu aliambiwa kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Yeye alingoja mlango wa maabara ya biolojia uwe wazi, akachukua vyombo viwili vya kioo, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto, akaviweka katika jokofu na kuona tena alichokwisha kukiona.

Kisha mkuu wa shule akamwalika Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati ule, aje kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama na kuuliza: vyombo viwili vilivyo sawa vikijazwa maji kwa kiasi sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, na vyote vikawekwa katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Wenzake walimwonea haya. (Nitaje kwa kupita kwamba katika Iringa, kwa kimo chake, maji yaliyo wazi hayafiki nyuzi 100, huchemka kwenye 95 hivi. Swali lake lilikuwa limetungwa kwa lugha ya kitabu, lakini kitabu chenyewe hakikuwa na jibu.) Osborne alimwuliza kama amelijaribu. Akasema ndiyo. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam.

Kilichofuata kinanifurahisha kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na kusema kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, ila wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Walirudia, na matokeo yakabaki yale yale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Kiingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kuhifadhi wanyamapori karibu na Moshi. Sehemu ya kwanza aliiandika yeye kwa maneno yake, ya pili Osborne. Na Osborne aliona ndani ya kisa hiki onyo juu ya fizikia inayofundishwa kwa amri.

Haikuwa mara ya kwanza jambo hili kuonwa. Aristotle alilitaja, Francis Bacon na René Descartes walilitaja katika karne ya 17. Likasahauliwa, na sababu yake yaeleweka: nadharia ya joto iliponyooka, likawa halina mahali pa kukaa. Mwaka ule ule wa 1969 G. S. Kell wa Kanada naye aliandika juu yake, akiweka mkazo katika maji yanayopotea kwa mvuke, maana maji ya moto hupungua, na machache huganda mapema. Osborne aliona kwamba mvuke peke yake hautoshi, akaelekea kwenye mizunguko ya maji ndani ya chombo, ambapo sehemu ya juu hubaki na joto kuliko ya chini na kulitoa kwa kasi. Wengine wametaja hewa iliyoyeyuka majini, ambayo hupungua yakichemshwa. Wengine wametaja kwamba maji huweza kushuka chini ya 0 bila kuganda, na si kila chombo hushuka sawa na mwenzake.

Wako pia waliokataa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walitangaza kwamba hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha, na kwamba kipimajoto kikihamishwa kidogo tu, juu au chini ndani ya chombo, chaweza kuleta matokeo ya uongo. Ila wao walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, hawakupima muda wa kuganda, na wauzaji wa Tanga hawakuwa wakiuza maji ya nyuzi 0. Pingamizi lao lina nguvu hata hivyo, na yeyote asemaye kwamba maji ya moto huganda kwanza daima amesema zaidi ya Mpemba mwenyewe.

Kwa maoni yangu, thamani ya swali lile ipo mahali pengine. Halijoto ni namba moja, na namba hiyo yatosha kukieleza kitu kilichokwisha kusawazika. Maji yaliyokaa chumbani tangu jana yana halijoto moja kutoka juu hata chini, na hayana historia. Lakini maji yanayopoa jokofuni yana juu yenye joto na chini yenye baridi, yana mizunguko, yana hewa iliyobaki au iliyotoka. Vyombo viwili vyaweza kuonyesha wastani mmoja na visiwe katika hali moja. Chombo kilichoanza kwenye nyuzi 100, kikifika 35, si lazima kiwe sawa na kile kilichoanza kwenye 35. Waliomjibu kijana kwa kanuni ya Newton walichukulia kwamba ni sawa, na hapo ndipo hoja yao ilipokatika. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walionyesha kwa chembe ndogo mno, pasipo barafu wala jokofu, kwamba mfumo ulioanza na joto zaidi waweza kuufikia msawazo mapema kuliko ulioanza karibu nao. Jina walilolitumia kulitaja jambo hilo ni la Mpemba, kama wafanyavyo wanafizikia kila mahali.

Yeye hakuwa mwanafizikia. Alifanya kazi ya wanyamapori serikalini mpaka kustaafu. Majengo ya Mkwawa tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha kufundisha walimu.

Kwa upande wa lugha, kazi bado ipo. Shule zetu za msingi zilianza kufundisha masomo yote kwa Kiswahili mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Joto na halijoto sasa yana mipaka inayofahamika. Msawazo nao wafaa, kuliko mlingano ambao wana-hisabati wameshauchukua kwa kazi nyingine. Lakini kwa kitu ambacho bado hakijasawazika, ambacho halijoto yake haijawa moja, mimi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu waseme tu kwamba kitu hicho kiko njiani, kama gari lililokwisha kutoka Makambako na lisilofika bado Igawa. Mwenye neno bora na alilete.